Bonde la Mto Nyando: Miwa, mtama na mvua ya mawe katika mwendo wa nusu siku

Barani Ulaya, bonde la mto likisifiwa kwa mandhari na kwa kinywaji chake pamoja, fikira za wasikilizaji huelekea mto Rhine nchini Ujerumani au Loire nchini Ufaransa, ambako mizabibu imepandwa kwenye miteremko kwa karne nyingi. Hapa Afrika Mashariki, anayetaja mvinyo humaanisha Dodoma nchini Tanzania, au mashamba machache ya Naivasha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mashariki mwa mji wa Kisumu kuna bonde ambalo kwa miaka mingi limetoa sukari, mchele, kahawa, chai na vileo vya kila aina, na ambalo hali yake ya anga hubadilika kila baada ya kilomita kadhaa. Bonde hilo ni la Mto Nyando.

Kwa Wakenya wengi, jina la Nyando husikika katika taarifa za habari wakati wa masika tu, mto unapokuwa umevunja kingo zake na wakazi wa Kano wamehamia shuleni na makanisani. Taarifa hizo ni za kweli, ila huanzia mwisho wa kisa. Maji yanayoingia nyumbani mwa mkazi wa Kano yalinyesha saa nyingi kabla, mahali pa baridi ambapo watu huvaa sweta mchana, na pengine Kano kwenyewe hakujaanguka tone siku hiyo. Anayetaka kuyaelewa mafuriko hayo, na kuelewa ni vipi mto mmoja unapita penye chai na penye mpunga, hana budi kulipanda bonde lote kutoka ziwani hadi vileleni. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Kisumu hadi Kericho ni kama kilomita 80.

Umbo la bonde

Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ghuba ya Winam, ambayo mji wa Kisumu umejengwa kwenye pembe yake ya mashariki, imelala ndani ya tawi la Bonde la Ufa lililochepuka kuelekea magharibi. Ufa huo hauishii majini, bali unaendelea nchi kavu upande wa mashariki, na sakafu yake ndiyo nyanda za Kano. Kaskazini umesimama ukuta wa milima ya Nandi. Kusini kuna uwanda wa juu wa Nyabondo na miinuko ya Kericho. Mashariki, mithili ya bawabu aliyeketi mlangoni, uko mlima Tinderet, ambao ni volkeno iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita.

Mto wenyewe huanzia katika misitu na mashamba ya upande wa Londiani na Tinderet, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sehemu yake ya juu wenyeji huiita Kipchorian. Ukiteremka hupokea mito mingine kutoka pande zote mbili, mkubwa wao ukiwa Ainamutua utokao Nandi, kisha hupita chini ya daraja la Ahero na kutawanyika katika mafunjo kabla ya kuingia ghubani. Urefu wake ni kama kilomita 150, na ardhi inayomwaga maji ndani yake ni takriban kilomita 3,500 za mraba, zilizogawanyika baina ya kaunti za Kisumu, Kericho na Nandi.

Umbo hilo ndilo linaloamua mvua. Jua linapochomoza, ardhi ya Kano hupata joto upesi kuliko maji ya ziwa. Hewa iliyopashwa moto hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvutwa kujaza nafasi yake. Kufikia alasiri upepo huo wa ziwani huwa umepuliza bonde zima kuelekea mashariki, na kwa kuwa pande tatu zimezibwa na milima, hauna pa kwenda ila juu. Huko hukutana na pepo zinazotoka mashariki mwa nchi, mawingu hujikusanya, na ngurumo huanza. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi huporomoka kutoka milimani na kutelemka hadi ziwani, na ndiyo maana mvuvi wa Kisumu hupata upepo wa kumtoa ufuoni alfajiri na mwingine wa kumrudisha mchana.

Matokeo yake ni tofauti kubwa ndani ya eneo dogo. Mjini Kisumu joto la mchana hufikia nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka ni kama milimita 1,300 na ushei. Kericho mchana ni nyuzi 23 hivi, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na mvua hupita milimita 1,800. Kano hutegemea misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba na Novemba. Huko juu, mvua za masika hazikomi Mei, bali huendelea hadi Agosti au Septemba.

Swali la kwa nini hakuna mizabibu linajibika hapo. Mzabibu unataka kupumzika kila mwaka, na unataka ukavu matunda yanapoiva. Ulaya hupumzishwa na theluji. Dodoma hupumzishwa na kiangazi kirefu kisicho na mvua kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na mkulima mwenye maji ya kumwagilia huweza kuukata na kuvuna mara mbili. Nyando hakuna theluji wala kiangazi cha namna hiyo, kwani hata Januari, mwezi ambao ni mkavu, mvua huweza kunyesha, na unyevu wa ziwani hulea ukungu unaooza majani na vichala. Kwa muwa hali ni kinyume kabisa. Unyevu na joto ndivyo chakula chake.

Kano: mpunga na maji ya kununuliwa kwa umeme

Msafiri anayetoka Kisumu kwa barabara ya Kericho huingia Kano mara tu anapouacha mji. Ardhi ni tambarare kama meza. Udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba na kunata wakati wa mvua hata viatu vikabaki njiani, na unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi. Udongo wa namna hiyo haupitishi maji upesi. Ni laana kwa mwenye nyumba na ni neema kwa mwenye mpunga.

Kwa sababu hiyo serikali ilianzisha mradi wa unyunyizaji wa Ahero, uliokamilika mwaka wa 1969, na baadaye ule wa Kano Magharibi katikati ya miaka ya 1970. Familia zilipewa vipande vya takriban ekari nne. Lakini miradi hiyo miwili ina kasoro moja ambayo mradi wa Mwea, kule Kirinyaga, hauna. Mwea maji hushuka yenyewe kwa mifereji kutoka mitoni. Ahero, mto umelala chini ya mashamba, hivyo sharti maji yapandishwe kwa pampu, na pampu hula umeme. Kano Magharibi huvuta maji kutoka ziwani kwa njia iyo hiyo. Bili ya umeme iliposhinda mapato, mwishoni mwa miaka ya 1990, pampu zilinyamaza na mashamba yakageuka malisho, na miaka kadhaa ikapita kabla ya kilimo kufufuliwa. Ni kinaya kisichohitaji maelezo: mkulima ambaye nyumba yake hubebwa na maji mwezi Aprili alishindwa kulima kwa kukosa fedha za kulipia maji.

Nyakati ambazo mpunga umekomaa, Ahero ni mahali pa kupendeza macho. Korongo, yangeyange na kwarara husimama majini kwa mamia, na watoto na vijana huajiriwa kushinda shambani wakipiga makopo na kurusha udongo kufukuza ndege wala nafaka.

Mtama na chungu cha kong'o

Upande wa kusini wa Kano, katika Nyakach ya chini, mvua hupungua. Milima ya Nyabondo huikinga sehemu hiyo, na mahindi hunyauka mara kwa mara. Mtama haunyauki. Ndio uliokuwa nafaka ya Waluo kabla ya mahindi, na ndio uliotengenezewa kong'o, pombe ya asili. Unga wa mtama au wimbi uliloweshwa ukachacha, ukakaangwa juu ya moto, kisha ukachanganywa na kimea na maji ukaachwa siku chache. Wazee waliketi wakiuzunguka mtungi na kunywa kwa mirija mirefu iitwayo oseke, kila mmoja na wake, na nafasi ya mtu kwenye duara ilionyesha heshima yake. Majirani zao Wakipsigis na Wanandi walikuwa na desturi ya namna iyo hiyo, ya mtungi mmoja na mirija mingi. Mara nyingi mimi hushangaa tunaposoma kwa kirefu jinsi Wafaransa wanavyoonja mvinyo, ilhali adabu za mtungi huu hazijaandikiwa hata ukurasa katika vitabu vya shule.

Mtama huo umepata mnunuzi mpya. Mwaka wa 2004 kampuni ya kutengeneza bia ya East African Breweries ilianzisha bia ya bei nafuu iitwayo Senator, inayouzwa kutoka kwenye mapipa, ikiwa na lengo la kuwavuta wanywaji waliokuwa wakitumia pombe haramu. Serikali iliisamehe ushuru wa bidhaa, na baadaye mtama ukawa malighafi yake kuu. Mwaka wa 2013 msamaha huo ulipunguzwa, ushuru ukarudi kwa kiwango cha nusu, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wakulima waliokuwa wamepanda mtama kwa ahadi ya soko wakabaki na magunia. Nafuu ilirejeshwa mwaka wa 2015. Miaka minne baadaye, 2019, kampuni hiyo ilianza kutengeneza bia mjini Kisumu katika kiwanda kipya kilichogharimu takriban Sh15 bilioni, miaka mingi baada ya kile cha awali kufungwa.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu hulitaja kwa kupita, lakini mkulima hulipa kwa jasho. Mtama wa asili wa Nyakach ni mwekundu au wa kahawia, mchungu kidogo, na ndege huuepuka. Kiwanda hutaka mtama mweupe, kama ule uitwao Gadam, ambao hauna uchungu huo. Kwelea nao hawana habari na mikataba. Huuona mweupe wakaushukia. Hivyo anayepanda mtama wa bia sharti awe na mtu wa kukaa shambani tangu alfajiri hadi machweo kwa wiki kadhaa. Aidha, bei yake hutegemea kifungu kimoja cha sheria ya fedha kinachojadiliwa Nairobi kila Juni, mwezi ambao nafaka ya masika inakaribia kuvunwa.

Ukanda wa miwa

Barabara ya pili ya kulipanda bonde hutoka Mamboleo, pembezoni mwa Kisumu, na kufuata mguu wa milima ya Nandi kupitia Miwani, Chemelil na Muhoroni. Ndiyo njia ya reli pia. Reli ya Uganda ilifika ufuoni Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, baada ya kuteremka kutoka Mau kupitia Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni na Kibos. Muongo huo wa kwanza wa karne ya 20, Wahindi kadhaa waliomaliza kandarasi za reli walipewa ardhi Kibos, wakaanza kupanda miwa na kuchemsha sukari guru. Mwaka wa 1922 kikajengwa kiwanda cha Miwani, cha kwanza cha sukari nchini. Jina la mahali hapo mzungumzaji wa Kiswahili hulielewa mara moja, ingawa mgeni aliyesinzia garini huweza kudhani ameambiwa avae miwani ya macho.

Baada ya uhuru yakafuata mambo makubwa zaidi. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo, kiwanda cha Muhoroni kikajengwa mwaka wa 1966, na cha Chemelil kikaanza kusaga 1968. Kwa kizazi kizima, ukanda huo ulisomesha watoto. Mwenye ekari kumi za miwa alihesabiwa kuwa mtu wa maana, na mji wa Muhoroni ulikuwa na mishahara ya mwezi, viwanja vya mpira na mabaraza ya densi.

Muwa wa Nyando hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa, na kadiri shamba linavyopanda mlima ndivyo muda unavyorefuka, kwa kuwa baridi huchelewesha ukuaji. Unataka mvua nyingi wakati wa kukua, kisha wiki kadhaa za ukavu ili sukari ijikusanye shinani. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari siku hiyo hiyo. Kila saa ambayo trekta imekwama kwenye tope la udongo mweusi ni hasara ya mkulima, si ya kiwanda, kwa maana uzito ndio unaolipwa. Aliyesubiri miaka miwili huweza kupoteza sehemu nzuri ya mavuno katika wiki moja ya barabara mbovu.

Viwanda vyenyewe vililemewa na madeni, mitambo mikuukuu na ushindani wa sukari ya bei nafuu kutoka nje. Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka wa 2001. Miwani kikanyamaza kabisa, Muhoroni kikawa kinasaga na kusimama. Wakulima walidai malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa, baadhi wakang'oa visiki na kupanda mahindi, wengine wakakimbilia viwanda vya kibinafsi vilivyochipuka, kikiwemo cha Kibos. Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma kwa kampuni za kibinafsi kwa muda wa miaka 30, vya Chemelil na Muhoroni vikiwemo.

Kutoka kwa sukari hupatikana molasi, uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, na hapo ndipo bonde hili linapokuwa bonde la vileo kwa kiwango cha viwanda. Muhoroni kuna kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoundwa mwaka wa 1978, inayochachisha molasi na kutoa spiriti pamoja na hamira ya mikate. Spiriti hiyo huenda kwa watengenezaji wa vinywaji vikali, dawa na vitakasa mikono. Mradi mwingine wa molasi, ulioanzishwa nje kidogo ya Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikwama ukiwa haujakamilika na ukabaki vyuma vya kutu kwa takriban miongo miwili, hadi ulipofufuliwa na kampuni ya Spectre International, ya familia ya Odinga, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Molasi hiyo hiyo hubebwa kwa mitungi hadi kando ya vijito, ambako huchachishwa na kupikwa chang'aa. Sheria ya mwaka wa 1980 iliipiga marufuku chang'aa. Sheria ya 2010, inayojulikana zaidi kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliondoa marufuku hayo kwa masharti ya leseni, viwango na chupa za kioo, masharti ambayo mpishi wa kando ya kijito hawezi kuyatimiza. Kwa hivyo ameendelea kupika, na polisi wameendelea kumwaga.

Koru na Fort Ternan

Baada ya Muhoroni barabara na reli hupanda, hewa hubadilika, na udongo mweusi hutoweka. Mahali pake ni udongo mwekundu wa volkeno. Koru iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miwa bado ipo, lakini kahawa huanza kuonekana, pamoja na migomba na miti ya mikaratusi. Kwa maoni ya mwandishi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ukisimama hapo jioni baada ya mvua utaona Kano yote chini, mashamba ya mpunga yaking'aa kama vioo, na nyuma yake ghuba.

Tinderet ilipokuwa ingali hai ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi, na chokaa huhifadhi mifupa. Ndiyo sababu Koru kumechimbwa chokaa ya viwandani kwa muda mrefu, na ndiyo sababu pia wanasayansi wa dunia nzima huijua. Mwaka wa 1926 daktari mmoja mlowezi aliokota mabaki yaliyogeuka mawe katika shamba lake, na mwaka wa 1933 mtaalamu wa Uingereza, Arthur Hopwood, akayapa jina la Proconsul, nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Kule Fort Ternan, mkulima Fred Wicker alimpelekea Louis Leakey mifupa aliyoipata shambani mwake. Uchimbaji wa mwaka wa 1961 ukatoa taya la kiumbe wa miaka milioni 14 hivi, ambaye Leakey alimwita Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya mkulima huyo. Visukuku vya Fort Ternan ni vya swala na twiga pia, ishara kwamba wakati huo msitu ulikuwa umeanza kuachana na kuruhusu nyasi. Mabadiliko ya hali ya anga katika bonde hili si habari ya jana.

Koru ina kumbukumbu nyingine, nzito. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Robert Ouko, alikuwa na nyumba huko. Alitoweka Februari 1990, na mwili wake ukapatikana kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na nyumba hiyo. Mpelelezi wa Uingereza, John Troon, alitaja mvutano kuhusu mradi wa molasi wa Kisumu miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa, uchunguzi mwingine ukaja na maoni tofauti, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Isisahaulike kwamba ukanda huu ni mpaka wa jamii. Waluo, Wakipsigis, Wanandi, Wakisii, Waluhya na Wahindi wote wana mashamba humo, wengi wakiwa wamefika kwa kazi za miwa au kwa kununua ardhi ya walowezi. Machafuko ya kikabila yaliyokumba magharibi mwa nchi katika miaka ya 1990 yalianzia Miteitei, kwenye miteremko ya Tinderet, Oktoba 1991. Mashamba yaliyoachwa wakati huo hayakurudiwa yote.

Nchi ya chai na mawe ya barafu

Juu ya mita 1,800 ni nchi ya chai. Upepo wa ziwani uliobeba unyevu tangu asubuhi humaliza safari yake hapa, na mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa miezi mingi. Chai haitaki zaidi ya hayo. Lakini hewa inayopandishwa kwa kasi hufika juu sana angani, ambako maji huganda, na ndiyo maana Kericho na Nandi Hills zinahesabiwa miongoni mwa mahali duniani panapopigwa mara nyingi na mvua ya mawe. Dakika kumi hutosha kuyachanachana majani machanga ya shamba zima, na mkulima hungoja majuma kabla ya kuchuma tena. Makampuni ya chai yalijaribu katika miaka ya 1960 na 1970 kupambana nayo kwa kurusha makombora yenye kemikali mawinguni, ili mawe yasiwe makubwa. Gharama zilikuwa nyingi na manufaa hayakuthibitika, jaribio likaachwa.

Kinachoporomoka kutoka huko juu ni maji na udongo. Misitu ya Mau Magharibi na Tinderet ilipunguzwa kwa miongo kadhaa, mashamba yakapanda hadi kwenye miteremko mikali, na maji ambayo zamani yalinywewa na mizizi sasa hufika mtoni kwa mkupuo. Uchunguzi wa wataalamu wa kilimo-misitu uliofanywa bondeni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliutambua Nyando kama mmoja wa mito inayoingiza tope jingi zaidi katika Ghuba ya Winam. Nyakach kuna makorongo yaliyomeza mashamba na njia, maarufu likiwa la Katuk Odeyo. Tope hilo hubeba rutuba na mbolea hadi ghubani, ambako hulisha magugu maji yanayoziba fuo na kukwamisha mashua. Viwanda navyo vimelaumiwa mara nyingi kwa kumwaga maji machafu mtoni.

Mkulima wa mlimani anapopoteza udongo wake, mkazi wa Kano huupokea sebuleni. Mafuriko ya 1961 hadi 1962, ya El Nino mwaka wa 1997 na 1998, ya 2019 na 2020, na ya 2024 yote yalifuata njia hiyo. Mwaka wa 2020 mkasa ulikuja kwa pande mbili, kwani Mei mwaka huo ziwa lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likarudi nyuma nchi kavu huku mto ukishuka. Maji ya mto yakakosa pa kwenda. Vijiji vya Nyando ya chini na Nyakach, karibu na mlango wa mto, vilikaa ndani ya maji kwa miezi. Kingo za udongo zimejengwa mara kadhaa kando ya mto, nazo hudumu hadi masika makubwa yanayofuata. Suluhisho lililosubiriwa kwa miongo ni bwawa la Koru-Soin, mpakani mwa Kisumu na Kericho, linalokusudiwa kuzuia maji ya mafuriko, kutoa maji ya kunywa na kuzalisha umeme kiasi. Kazi yake imekuwa ya kusuasua, fidia ya ardhi ikiwa mojawapo ya vikwazo.

Kwa anayetaka kujionea

Miezi ya Januari na Februari ndiyo bora, barabara zikiwa kavu na milima ikionekana wazi asubuhi. Aprili na Mei bonde ni la kijani kibichi, lakini njia za ndani ya miwa hazipitiki bila trekta. Katika msimu wowote ni busara kuanza safari mapema, kwa kuwa ngurumo huanza baada ya saa nane mchana. Panda kupitia Mamboleo, Miwani na Chemelil hadi Muhoroni, endelea Koru na Fort Ternan, kisha rudi Kisumu kwa barabara ya Kericho na Awasi ili uteremke ukitazama ziwa. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu, iliyorejeshwa Desemba 2021 baada ya kukatizwa kwa miaka kadhaa, hupita njia hii, ila ni vyema kuuliza ratiba kabla, na kumbuka kwamba ikiwa ni ya usiku utalivuka bonde lote umelala.

Beba sweta. Ahero utaibeba mkononi, na Londiani utatamani ungekuwa na mbili.